Kigari cha Pembeni Kinachofunguka, cha Kudumu, Tela au Guta: Uchague Kipi kwa Pikipiki Yako?

Mwenye pikipiki ya cc 125 au 150 anayetaka kubeba zaidi ya kile ambacho siti na keria vinaruhusu ana njia nne. Anaweza kuweka kigari cha pembeni chenye gurudumu moja, kinachofungwa na kufunguliwa kadiri ya mahitaji. Anaweza kukifunga kigari hicho moja kwa moja kisitoke tena. Anaweza kuvuta tela kwa nyuma. Au anaweza kuiacha pikipiki yake ilivyo na kununua guta la magurudumu matatu. Wengi wanaoulizia huwa wameshaipenda njia ya kwanza kabla ya kuuliza, kwa sababu inaahidi vyombo viwili katika kimoja, asubuhi bodaboda na jioni chombo cha mizigo. Ahadi hiyo ni ya kweli kwa sehemu, ila ina gharama zisizoonekana kwenye karakana ya kuchomelea, na kubwa kati ya hizo haihusu chuma bali inamhusu dereva mwenyewe.

Pikipiki yenye kigari cha pembeni huendeshwa kwa namna nyingine kabisa. Ile ya magurudumu mawili hukata kona kwa kulala, lakini ikishafungwa kigari hailali, kwa hiyo kona hukatwa kwa nguvu za mikono, usukani ukizungushwa kule unakokwenda. Hapo ndipo penye mtego. Kwenye pikipiki ya kawaida, anayekata kona ya kushoto kwa kasi husukuma mpini wa kushoto wa usukani ili chombo kilale, na wengi hufanya hivyo kwa miaka bila kujua kwamba wanafanya. Kwenye pikipiki yenye kigari, msukumo ule ule humpeleka kulia. Dereva aliyezoea kimoja na kupanda kingine atakwenda vizuri hadi pale mbuzi atakapokatiza barabara, kwa kuwa mtu aliyeshtuka hafuati alichofundishwa juzi bali hufuata kile ambacho mikono yake imezoea.

Yapo na mengine. Katika nchi ambako magari hupita kushoto, kama Tanzania, Kenya na Uganda, kigari hufungwa kushoto ili abiria ashukie pembezoni mwa barabara. Rwanda, Burundi na Kongo hufungwa kulia. Kigari kikiwa kushoto, ukiongeza mafuta chombo chote huvutwa kushoto, kwa sababu injini inasukuma upande mmoja na uzito wa kigari unakawia nyuma. Ukishika breki, uzito huo huo hutaka kuendelea mbele na kuizungusha pikipiki kuelekea kulia, yaani kwenye magari yanayokuja. Kona ya kushoto ikikatwa kwa kasi huku kigari kikiwa kitupu, gurudumu lake hunyanyuka kutoka ardhini. Kona ya kulia hulalisha uzito juu ya kigari na gurudumu la mbele, na gurudumu la nyuma la pikipiki ndilo linalopungukiwa na mshiko. Kwa hiyo anayejifunza huanzia uwanjani, akiwa ameweka mfuko wa mchanga wa kilo 40 au 50 ndani ya kigari, na haondoi mfuko huo hadi ajue kigari kinaanza kunyanyuka kwa kasi gani.

Kati ya kigari kinachofunguka na kile cha kudumu, tofauti haiko kwenye pini pekee. Kigari kilichofungwa vizuri hushikwa sehemu nne: mbili chini, moja ikiwa mbele ya injini na nyingine karibu na pale ule mkono wa nyuma unaobeba gurudumu unapoungana na fremu, na mbili juu, moja karibu na shingo ya usukani na nyingine chini ya siti. Zile za chini hubeba uzito na kuamua mwelekeo wa gurudumu la kigari, na zile za juu huamua pikipiki isimame wima au iegemee. Mkono wa nyuma wenyewe usifungwe kitu, kwani hupanda na kushuka pamoja na shokapu. Fremu za pikipiki nyingi za biashara, zile za Boxer, TVS au za Kichina zilizofuata muundo wa Honda CG 125, zilibuniwa kwa chombo kinacholala kwenye kona, ambacho mizigo yake hushuka wima. Kigari huzivuta kwa ubavu, jambo ambalo halikuwamo kwenye hesabu. Fundi mzuri hatachomelea vishikio moja kwa moja kwenye fremu hiyo. Atatengeneza fremu ndogo ya pili ya bomba, itakayokumbatia ile ya asili kwa klampu na bolti, ili nguvu isambae badala ya kung'ang'ania mahali pamoja pafupi ambapo ufa utaanzia.

Vipimo vyenyewe si siri. Gurudumu la kigari hukaa mbele kidogo ya gurudumu la nyuma la pikipiki, kwa kawaida kati ya milimita 150 na 300, ili kona ya kulia isikipindue chombo kwa mbele. Gurudumu hilo pia huelekezwa ndani kidogo: ukilaza mbao mbili zilizonyooka, moja ikigusa matairi ya pikipiki na nyingine ikigusa tairi la kigari, nafasi kati ya mbao hizo upande wa mbele inapaswa kuwa ndogo kuliko ya nyuma kwa milimita 20 hivi. Pikipiki nayo huegemezwa nje, mbali na kigari, kwa nyuzi moja au mbili, ili dereva na mzigo wakikaa isimame wima. Kipimo cha ndani kikikosewa, chombo huvuta upande mmoja njia nzima na tairi la nyuma huisha upesi. Cha kuegemea kikikosewa, dereva hufika akiwa na maumivu ya bega moja.

Cha kudumu hupimwa mara moja na kukaguliwa mara chache. Kinachofunguka hudai vipimo virudi vile vile kila kinapofungwa, na hilo linawezekana iwapo tu nukta za chini zina mahali pamoja pa kuingilia pasipo na uchezaji. Pini ya milimita 16 ndani ya tundu la milimita 17 huonekana kama jambo dogo karakanani, lakini gurudumu la kigari liko karibu mita moja kutoka pale, na barabara ya vumbi yenye matuta itaifanya milimita hiyo moja kuwa mbili kabla msimu haujaisha. Pini za kufunga haraka ziwe na umbo la koni au ziingie kwenye bushi zinazobadilishika, na kila moja iwe na kipini cha usalama kinachoonekana ukiwa umesimama. Kwa maoni yangu, mfumo unaotangazwa kwamba hufunguka kwa dakika mbili bila spana yoyote unastahili kutiliwa shaka zaidi kuliko ule unaodai bolti nne na nusu saa, kwa sababu bolti hukazwa na haina uchezaji.

Breki ndiyo inayotenganisha vigari hivi zaidi. Kwa kuwa chombo huzunguka kulia kinaposimamishwa, breki kwenye gurudumu la kigari ni jambo la maana sana mzigo unapozidi uzito wa mtu mmoja. Kwenye kigari cha kudumu, fundi huunganisha breki hiyo na kanyagio la breki ya nyuma, kwa waya kama breki ni za ngoma au kwa bomba la mafuta kama ni za diski, na kazi imekwisha. Kwenye kinachofunguka, kila unapokitoa ni lazima uachanishe waya au bomba hilo. La mafuta likiachanishwa bila viungio maalumu vinavyojifunga, hewa huingia na breki hulegea hadi itolewe hewa upya. Matokeo yake ni kwamba vigari vingi vinavyofunguka huishia bila breki kabisa, na muuzaji halitaji jambo hilo mpaka aulizwe.

Halafu kuna mwendo wa injini. Kigari chepesi cha chuma huwa na uzito wa kilo 60 hadi 100 kabla hakijapakiwa, na pikipiki yenyewe ina kilo 110 hadi 130, kwa hiyo injini ya cc 125 inapewa karibu pikipiki nyingine ya kuvuta. Tiba ya kawaida ni kupunguza meno ya sproketi ya mbele. Kutoka 14 hadi 13 huongeza nguvu ya kuvuta kwa takriban asilimia 8 na kupunguza kasi kwa kiasi kinachokaribia hicho. Pikipiki hiyo ikifunguliwa kigari na kurudi kubeba abiria mmoja, italia kwa juu na kula mafuta bila faida, isipokuwa ubadilishe sproketi tena. Ni hivyo hivyo kwa tairi: lile la bapa linalofaa kigari halifai kulala kwenye kona, na lile la duara linalofaa bodaboda huchakaa katikati upesi likifungwa kigari. Spoki hulegea kwa kuvutwa kwa ubavu, na beringi za usukani huchoka mapema. Pikipiki iliyoandaliwa vema kwa kigari huwa bodaboda mbovu, na ile iliyoachwa kama bodaboda huwa mvutaji dhaifu. Anayefungua na kufunga kila siku hukaa katikati, ambako hakuna upande unaofanya kazi yake sawasawa.

Ndiyo maana wale wanaotegemea vigari kwa riziki hawavifungui. Nchini Ufilipino, ambako pikipiki yenye kigari ni usafiri wa kawaida wa mtaani, kigari hufungwa na kubaki, na injini za cc 125 hadi 175, ikiwamo Kawasaki Barako, hubeba familia nzima kwa mwendo wa pole. Ural za Kirusi, ambazo kiwanda chake kilihamishiwa mji wa Irbit wakati wa Vita Kuu ya Pili, hutoka kiwandani zikiwa na kigari, na zina gia ya kurudi nyuma ambayo pikipiki zetu hazina. Nchini Malawi zimetumika pikipiki za wagonjwa aina ya eRanger zenye machela pembeni, na hizo nazo ni chombo kimoja kilichobuniwa pamoja. Anayevutiwa na Ural, au na kigari kilichotumika kutoka Ujerumani, akumbuke pia kwamba hivyo vimejengwa kwa kukaa kulia, na kukihamishia kushoto kigari cha aina hiyo si kazi ya kugeuza bolti: mlango, ekseli na vishikio vyote viko upande usiotakiwa.

Ipo aina ya tatu isiyojulikana sana kwetu, nayo ni kigari kinachoiachia pikipiki ilale. Mwaka 1913 Hugo Young wa Loudonville, Ohio, Marekani, alianza kuuza vigari vyenye viungo vinavyonyumbulika, hata jina la kampuni yake, Flxible, likatokana na sifa hiyo. Wazo lake linatibu tatizo la mikono nililolitaja juu, kwa kuwa dereva huendelea kulala kwenye kona kama kawaida. Hata hivyo viungo vyake ni vingi, kila kimoja huchakaa, na sijaona sababu ya kumshauri mtu anayebeba magunia ya mkaa ajiingize humo.

Tela ni habari tofauti, na ni njia ambayo wengi huiruka upesi mno. Hufungwa nyuma kwa kiungo kimoja, hutolewa kwa kuchomoa pini moja, na pikipiki ikishaliacha hurudi kuwa vile vile ilivyokuwa, bila vishikio vinne kuning'inia na bila vipimo vya kurudia. Tela la gurudumu moja hupita njia ya miguu ambayo pikipiki yenyewe inapita, jambo ambalo kigari chenye upana wa mita moja na nusu pamoja na pikipiki hakiwezi. Kiungo chake kikiweza kujizungusha pande zote, pikipiki hulala kwenye kona na tela la magurudumu mawili hubaki wima. Kwa sifa ya kufunguka peke yake, tela linakishinda kigari.

Udhaifu wake uko kwenye mteremko na kwenye kurudi nyuma. Tela zito lisilo na breki huisukuma pikipiki kwa nyuma inapopunguza mwendo, na kwenye utelezi linaweza kukunja na kumlaza dereva. Mzigo upangwe ili sehemu ya mbele ielemee kiungo kidogo, kama kilo 10 kwa kila 100 za tela na mzigo wake. Ukielemea nyuma, tela huanza kuchapa mkia kwenye mwendo wa kawaida kabisa, na kuongeza mafuta hakuondoi tatizo hilo. Kisha tela si la watu. Mtu aliyeketi nyuma ya mgongo wa dereva, mbali na macho yake, karibu na magari yanayofuata, hana kinga yoyote, na hilo linalitoa tela katika hesabu za yeyote anayewaza kumpeleka mama yake kliniki.

Hapo ndipo kigari cha pembeni kinaposhinda vyote vingine. Mzee asiyeweza kutanua miguu, mjamzito, mgonjwa anayehitaji kuegemea, mtu mwenye kiti cha magurudumu, au mwanamke aliyevaa baibui ambaye juu ya bodaboda hulazimika kukaa upande, wote hupata kiti cha kweli chenye mgongo, karibu na ardhi, mbele ya macho ya dereva. Mnaweza hata kuzungumza. Kwa kazi hii kigari kinachofunguka kina maana, kwa sababu safari za namna hiyo hupangwa: kliniki ya kila mwezi, msiba, harusi, likizo ya watoto. Siku ya kigari dereva hujua tangu alfajiri kwamba anaendesha kigari, huanza taratibu na kuzunguka mtaani kwanza mikono ikumbuke. Kinachomhatarisha ni kubadilishabadilisha kati ya abiria mmoja na mwingine ndani ya siku moja, huku akiharakisha hesabu ya bosi.

Guta halihitaji maneno mengi. Lina difu, breki za magurudumu ya nyuma, gia ya kurudi nyuma na chasi iliyobuniwa kwa mzigo, na halimvuti dereva upande wowote anaposhika breki. Huweza kupinduka kwenye kona kwa kuwa mbele lina gurudumu moja, halipiti vichochoro, na huwezi kulifanya bodaboda hata ukitaka. Lakini anayebeba saruji, maji au soda zaidi ya nusu ya siku za wiki anajidanganya akidhani kigari kitamwokolea fedha. Atakuwa ameua klachi, cheni na rimu za pikipiki iliyokuwa ikimlisha, na bado atakodi guta kwa mizigo mikubwa.

Suala la leseni na bima lisiachwe hadi siku ya kusimamishwa barabarani. Katika madaraja ya leseni ya Tanzania, A1 ni ya pikipiki ndogo isiyo na kigari cha pembeni. Daraja linalotaja pikipiki yenye au isiyo na kigari ni A, na vyombo vya magurudumu matatu au manne vina daraja lake la A2. Maana yake ni kwamba dereva wa bodaboda mwenye A1 anaweza kuwa halali asubuhi na asiwe halali jioni akiwa juu ya pikipiki ile ile. Kuhusu kadi ya chombo, waulize TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, au NTSA, mamlaka ya uchukuzi na usalama, kwa walioko Kenya, kabla fundi hajaanza kukata bomba. Bima nayo iandikiwe kigari waziwazi pamoja na abiria wake, kwa sababu kampuni inayotafuta sababu ya kutolipa haitahitaji kwenda mbali ikikuta gurudumu ambalo halimo kwenye karatasi.

Nikilazimika kuchagua kwa niaba ya wengine, ningesema hivi. Mkulima wa kijijini mwenye njia nyembamba na mazao ya msimu achukue tela la gurudumu moja, na awe na subira kwenye miteremko. Muuza maji, muuza gesi na mwenye duka la vifaa vya ujenzi anunue guta, au akodi hadi aweze kununua. Mwenye pikipiki ya familia ambaye ana mtu wa kumbeba kwa heshima mara chache kwa mwezi ndiye hasa anayefaa kigari kinachofunguka, chenye bolti badala ya pini za haraka, na bila kubadilisha sproketi. Anayetaka kufanya biashara ya chakula au kahawa ya kuhamahama juu ya kigari, akifunge cha kudumu, akiwekee breki, aandae pikipiki nzima kwa kazi hiyo na asahau kwamba iliwahi kuwa bodaboda. Bodaboda wa mjini anayetaka vyote kwa siku moja ningemshauri asifunge chochote.

Ukishaamua kufunga kinachofunguka, usimlipe fundi pale anapomaliza kukifunga. Pimeni pamoja kwa zile mbao mbili na mwandike namba. Kisha mwambie akifungue chote, akiweke chini, akifunge tena mbele yako, na mpime upya; tofauti ikizidi milimita 2 au 3 mbele na nyuma, arudie vishikio vya chini kabla hela haijatoka mfukoni. Baada ya hapo kipakie mifuko miwili ya saruji, nenda nacho kilomita chache kwenye barabara ya vumbi unayoitumia kila siku, rudi, na ukague kwa mkono kila bolti na kila mahali palipochomelewa.